Jibu kwa Jina la Mwenzako

Ghuba ya Salmela, Mendocino
18 Januari

Ambrose,

Heri ya mwaka mpya, ingawa mwaka wenyewe umeshaanza kuchakaa. Mvua ya huku haijatupa nafasi hata ya kuanika soksi. Bahari imetupa gogo zima la mti pale tunaposhushia kayaki. Harlan anasema ataliondoa mwenyewe, na wewe unamjua Harlan, litakuwepo mpaka Juni.

Nakuandikia mapema kuhusu siku ya kuwapeleka wageni kuvua. Msimu wa samaki wa miamba unafunguliwa tarehe mosi Aprili kama kawaida, na maombi yameshaanza kuja. Kuna fundi wa mabasi mstaafu kutoka San Jose, anaitwa Khanh, amenipigia kuniuliza kama kayaki ina choo. Nikamwambia baba, utakuwa na bahari nzima. Akacheka mpaka akakohoa. Huyo nimeshampenda.

Nitawaambia yale yale uliyokuwa ukiwaambia wewe. Kwanza kila mtu apindue kayaki yake kwenye maji ya kiunoni na apande tena mwenyewe, na asiyeweza abaki ufukweni anywe kahawa ya Harlan, adhabu tosha. Ndizi hazipandi chomboni, ni mkosi, ndizi zote zitaliwa mchangani kabla ya kushuka, na anayebisha aende akavue kwenye bafu la kwao. Halafu tukishapita pale mawimbi yanapovunjika, majina yataitwa kwenye redio, na mtu akiitwa hajibu "nipo". Anajibu jina la mwenzake anayemwona kwa macho yake dakika ile. Kama humwoni mwenzako, huna la kujibu.

Mwaka jana niliita mimi. Harlan aliitaka sana kazi hiyo, lakini anaita majina kama mtu anayenadi ng'ombe. Nilipofika kwenye jina lako nikaita "Silveira", mdomo ulishazoea. Kimya. Nikaita mara ya pili. Ya tatu sikuita, maana ya tatu unajua mwenyewe, watu wote wanakunja mishipi na kwenda kutafuta. Wageni walidhani mtu amezama. Nikasema hapana, huyo yuko Nebraska. Mmoja akauliza kwenye redio, "Samahani, Nebraska ni mwamba gani?"

Tulicheka, na mimi nilicheka. Nilivua vizuri pia, usiwe na wasiwasi.

Njoo Aprili, Ambrose. Sikuombi uhame kwa binti yako. Njoo siku tatu tu uite majina. Wale watu wanahitaji kuisikia sauti ile inayofanya mtu mzima akaze mikanda ya jaketi lake bila kuulizwa.

Lorna

*

Broken Bow, Nebraska
2 Februari

Bibie Lorna,

Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko nitakavyokiri. Huku theluji imefika kwenye madirisha, na bahari iliyo karibu ni ndoo ya kunyweshea ng'ombe, nayo imeganda. Asubuhi navunja barafu yake kwa shoka. Ndiyo shughuli yangu ya maji.

Aprili sitaweza. Corinne bado yuko peke yake na watoto, yule mume wake hajarudi wala hatarudi, na ng'ombe wanazaa kipindi kile kile. Mwambie Khanh ajifunze kutumia chupa.

Nimefurahi kusikia unavua. Nilikuwa na hofu kwamba ungeacha.

Simu usihangaike nayo. Yangu unajua iko chini ya bahari karibu na mwamba wa Sili, na ya Corinne haisikiki vizuri, huku ni upepo mtupu. Barua zinatosha. Na uniamini, huku mjukuu wangu akimenya ndizi mezani mimi natoka nje. Kuna mambo hayatoki mwilini.

Niandikie habari za bahari. Yoyote tu.

Ambrose

*

Ghuba ya Salmela
11 Februari

Ambrose,

Umetaka habari za bahari, haya. Jumamosi tulikuwa na mazoezi. Marisol, yule muuguzi aliyekuja mgeni mwaka jana akatapika juu ya chambo chake, sasa ndiye anayefundisha wengine kupinduka. Alitoka na mgeni mmoja, wakapita mawimbi vizuri, kofia yake nyekundu ikawa inapanda na kushuka, inapanda na kushuka, mpaka ikapotelea nyuma ya mwani. Walikaa huko muda mrefu. Maji yalikuwa ya kijani kibichi, na sili watatu, na masharubu yao, walikuwa wamelala juu ya mwamba wao kama wapangaji wasiolipa.

Niliwafundisha pia habari ya kumrudisha samaki. Khanh alinisumbua kwa maswali, kwa nini asimtupe tu majini yule asiyemtaka? Nikamweleza kwamba samaki huyu ukimtoa kilindini haraka, hewa inamvimbia tumboni na macho yanamtoka, basi ukimtupa anaelea tu juu mpaka ndege wamdonoe. Lazima umfunge kwenye uzito umshushe mwenyewe, polepole, mpaka kina chake, ndipo umwachie. Akauliza, "Na anakumbuka njia?" Nikamwambia akifika kina chake anajua mwenyewe.

Sasa na mimi nina swali. Jumapili nilipiga simu ya Corinne. Ilisikika vizuri sana, Ambrose, kama yuko jikoni kwangu. Akasema umeenda zizini. Lakini nyuma yake mtu alikohoa. Kikohozi kile mimi nimekisikia asubuhi za baridi mara nyingi kuliko kengele ya saa yangu. Ulikuwa umekaa pale pale.

Kama hutaki kuongea na mimi, sema hutaki. Mimi si mtoto.

Lorna

*

Broken Bow
24 Februari

Lorna,

Samahani kwa ile siku. Nilikuwa nimechoka.

Sitakuja Aprili, na mwaka ujao pia usiniweke kwenye hesabu. Mtu akikaa mbali anabadilika, na mimi nimebadilika. Jina langu liondoe, lisiitwe tena, linawatisha wageni bure.

Mtafute mwenzako mwingine wa baharini. Marisol anakufaa. Mtu asiende nje peke yake, hilo nimelisema maisha yangu yote na silitengui kwa ajili yako.

Ubaki salama.

A. Silveira

*

Ghuba ya Salmela
8 Machi

A. Silveira!

Tangu lini mimi na wewe tunaandikiana majina ya benki? Barua yako niliisoma nikaenda kuisoma tena nje kwenye mvua, nikidhani labda ni mwanga wa jikoni.

"Mtafute mwenzako mwingine." Hivi unadhani wanauzwa dukani karibu na chambo? Miaka yote ile nimekuwa nikiangalia mgongo wako na wewe ukiangalia wangu. Siku ukungu ulipotufunika nje ya mwamba wa Sili uliimba kwa saa nzima, wimbo ule ule mbovu wa bibi yako wa Kireno, ili nisikupoteze. Nilikuwa nalia nikipiga kasia na sikukwambia. Mimi nilikufuata kwa sauti, Ambrose. Unataka leo nimfuate nani?

Basi nitasema mwenyewe, maana wewe hutasema na umri huu hauna muda wa kuchezea. Nakupenda. Nilikupenda kabla hujaenda huko, na nilidhani unajua, na nilidhani ukirudi kutoka kumsaidia Corinne kuhamisha vitu tutakaa chini tuongee kama watu wazima. Ulisema wiki mbili. Nikakuachia taa ya barazani ikiwaka, na ninaendelea kuiwasha, na bili ya umeme naijua mimi.

Kama una mwanamke huko, mheshimu, umwandikie vizuri kuliko unavyoniandikia mimi. Na kama humtaki yeyote, pia sema.

Nimekuita mwaka jana, nimekuita Januari. Hii ndiyo ya tatu. Usipojibu hii, tarehe mosi Aprili jina lako halitaitwa, kama ulivyotaka, na taa nitazima.

Lorna Kettunen

*

Broken Bow
17 Machi

Mpendwa Bi Lorna,

Ni mimi, Corinne. Baba hajui kwamba nakuandikia. Barua yako ameiweka mfuko wa shati, na shati lenyewe amegoma kulitoa lifuliwe.

Hakuna mwanamke. Novemba ile ile aliyokuja, alikuwa amesimama jikoni kwangu akikata kitunguu, kisu kikamwanguka. Ni kiharusi. Mkono wa kulia ulirudi karibu wote, mguu nao umerudi, anatembea, anapasua kuni. Akili yake haikuguswa kabisa, bado ananishinda karata. Kilichobaki ni ulimi. Maneno yote yapo kichwani, lakini yakifika mdomoni yanavunjika. Watoto wangu wanamwelewa kwa sababu wao hawana haraka. Dukani watu wanadhani amelewa, ndiyo maana siku hizi haendi dukani.

Alinifanya niape nisikwambie. Alisema wewe umeizoea sauti yake, na afadhali ubaki na ile ya zamani. Siku ile ulipopiga simu alikuwa kweli ameketi pale. Alinyoosha mkono aichukue, halafu akaurudisha.

Kuna jambo jingine, nawe uamue la kulifanya. Mtaalamu anayemrudisha kwenye kusema alimwambia achague maneno machache ya kufanyia mazoezi kila siku. Watu huchagua maji, choo, asante. Baba alichagua moja tu. Kila asubuhi namsikia zizini akilirudia, tena na tena, akikosea na kuanza upya. Mwanzoni nilidhani amempa ng'ombe jina.

Ni jina lako, Bi Lorna. Herufi ya kwanza ndiyo inayomtesa.

Daktari anasema anaweza kusafiri, na hata maji hamkatazi, mradi asiwe peke yake. Anayekataza ni yeye mwenyewe.

Corinne

*

Ghuba ya Salmela
21 Machi

Ambrose,

Usimgombeze binti yako. Ukimgombeza nitajua na nitakuja huko na kasia.

Nimekasirika na wewe mpaka nimefua mapazia. Halafu nimelia. Halafu nimekasirika tena, kwa sababu mwaka mzima na zaidi umelala mgonjwa na mimi niko huku nakuandikia habari za sili.

Nisikilize. Pale kwenye maji hakuna anayekuomba hotuba. Hatuhitaji uite majina, Harlan ataita na tutavumilia. Kule nje mtu anahitaji neno moja tu, na nimeambiwa hilo moja unalifanyia mazoezi. Likitoka vibaya, litatoka vibaya. Mimi nitakuwa karibu, nitalisikia.

Na hukunijibu lile nililokwambia katika barua ya tarehe nane. Sikusahau.

Bahari iko tulivu wiki hii. Juzi nilitoka kidogo, nikapata samaki mmoja mwekundu mzuri, nikamrudisha.

Lorna

*

Broken Bow
25 Machi

Lorna wangu,

Nimelisoma lile la tarehe nane kila siku. Jibu lake ni ndiyo. Lilikuwa ndiyo hata siku ya ukungu. Kwa nini unadhani niliimba saa nzima wimbo nisioupenda?

Sasa zamu yangu. Wewe umenikamata na kikohozi, mimi nimekukamata na barua zako mwenyewe. Hukutoka juzi. Hukuwahi kutoka tangu niondoke. Nimezipanga zote mezani nikazisoma kwa pamoja, na kila mtu humo namwona mgongo. Marisol anaenda, kofia inapotea, wageni wanaenda. Hakuna mahali hata pamoja umeniandikia nyumba zetu zinavyoonekana ukiwa nje, wala mikono yako inavyonuka. Unaandika kama mtu aliyesimama ufukweni na darubini, na nadhani najua kwa nini. Ukiitwa jina, huna la kujibu.

Hilo ndilo lililoninyanyua, wala si kelele zako. Nilidhani nikikaa kimya huku nakuachia bahari. Kumbe nimeichukua.

Huku nimekuwa yule samaki wa Khanh, nimevimba tu juu juu. Nirudishe kina changu. Corinne amekata tiketi mpaka Sacramento, nafika tarehe thelathini. Usije na Harlan uwanja wa ndege, sitaki hotuba. Ukinisalimu usinimalizie maneno. Watu wote wananimalizia maneno, Lorna, na kila mara wanakosea.

Na niandikishe na wageni. Sijashika kasia tangu niondoke, mkono wangu wa kulia siuamini, na sheria ni sheria. Nitapinduka kama wengine.

Ambrose

*

Ghuba ya Salmela
2 Aprili

Corinne mpenzi,

Baba yako amelala kwenye kiti changu mdomo wazi, viatu vimejaa mchanga, na nimeona bora nikuandikie kabla hajaamka akanizuia.

Uwanjani nilimwona kabla hajaniona. Amekonda, wewe humlishi. Alifungua mdomo, neno likagoma, nami nikakaza meno nisimsaidie, na haikuwa rahisi, wewe unanijua. Mwishoni alitikisa kichwa akanishika uso kwa mikono miwili, tukasimama pale watu wakitupita na mabegi. Njia nzima kuja huku hatukusema neno. Sijawahi kufurahia safari ndefu namna ile.

Jana asubuhi alipanga foleni na wageni. Alipofika mbele yangu akatoa ndizi mfukoni mwa jaketi, akanikabidhi kwa heshima zote. Harlan alicheka mpaka akaketi kwenye gogo, lile lile ambalo bado lipo. Nikaimenya tukaila nusu kwa nusu.

Kupinduka kulimshinda mara ya kwanza. Mkono wa kulia uliteleza akarudi majini, na Marisol, aliyekuwa amesimama naye maji yakimfika kifuani, akanyoosha mkono amshike. Baba yako alimwangalia tu, naye akaurudisha. Akapanda mwenyewe. Khanh alikuwa amemtengenezea kayaki ya kukanyaga pedali, usukani wake upande wa kushoto, asiutegemee mkono wa kulia, kazi safi kabisa ya mtu wa mabasi, na yeye mwenyewe alipinduka akapanda mara ya kwanza, sasa hatutapumua kwa majigambo yake.

Kisha nikavaa suti yangu ya mpira. Ilikuwa na vumbi. Nilipoishusha kayaki yangu Harlan alinitazama, akapokea redio kutoka mkononi mwangu na kwenda kusimama juu ya gogo lake.

Tukatoka. Nilikuwa nimesahau baridi ya yale maji inavyokupanda magotini, nilikuwa nimesahau harufu. Tulipopita mawimbi nikageuka nikaziona nyumba zetu, Corinne, ndogo, na taa ya baraza yangu inawaka mchana kweupe kwa sababu nilisahau kuizima. Baba yako alikuwa mkono wangu wa kushoto kama zamani, na Marisol nyuma yake kidogo.

Harlan akaanza kunadi ng'ombe wake. Watu wakajibu mmoja mmoja, majina ya wenzao, wageni wengine kwa kupiga kelele kana kwamba redio ni kiziwi. Akaita "Kettunen", nami nikajibu "Ambrose", na sauti yangu ilitoka vibaya kuliko nilivyopanga.

Akaita "Silveira".

Baba yako alikuwa ameshika redio karibu na kidevu. Nilimwona mdomo unavyofanya kazi. Hakukutoka kitu. Harlan akaita mara ya pili, safari hii taratibu, bila mnada. Kimya. Nilikuwa umbali wa kumrushia chambo kikampiga. Ningeweza kumjibia, sote tulikuwa tunamwona, na Harlan alikuwa na darubini. Lakini aliniambia nisimmalizie maneno. Wageni walianza kunong'ona, nikasikia watu wanakunja mishipi, maana walishaambiwa ya tatu ina maana gani. Khanh alikuwa ameshageuza kayaki yake aje.

Harlan akaita ya tatu.

Kwenye redio kwanza ilikuwa pumzi tu, ndefu. Halafu ikaanza ile herufi ya kwanza, ikakwama, akaiacha, akaianza upya. Bahari nzima ilimsubiri. Halafu likatoka, limepinda, zito, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia na ambayo ningeijua popote.

"Lorna."

Harlan akasema, "Nimesikia, Silveira," akaita jina linalofuata.

Nakutumia na picha. Huyo samaki ni wake, mimi sikupata kitu, sikuweza kuangalia mshipi. Mwambie daktari kwamba hakuwa peke yake. Na zile siku tatu nilizomwomba, nadhani usimngojee zikiisha.

Lorna